Mguu wa Wifi Kwenye Pedali

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Uongo mtupu. Kwetu mgeni alikuja na mwenyeji nikaugua, tena ugonjwa usio na dawa dukani: wivu.

Mgeni ni wifi yangu. Kaka yangu alimwoa nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya ufundi wa magari, na niliporudi kwenye gereji aliyotuachia baba, nilimkuta amekaa mahali pangu. Sisemi mahali pangu mezani, wala kitandani. Nasema kiti cha dereva, mguu juu ya pedali ya breki.

Asiyejua ufundi ataona nalilia upuuzi. Lakini breki ikiingia hewa, mtu mmoja hawezi kuitoa vizuri peke yake. Mmoja yuko chini ya gari na spana, mwingine yuko juu anakanyaga. "Kanyaga!" "Nimekanyaga!" Wa chini analegeza nati, hewa inatoka ikitema mapovu ndani ya chupa, anakaza tena. "Achia!" "Nimeachia!" Wa juu akiachia kabla wa chini hajakaza, hewa inarudi ndani na kazi yote imekwenda na maji. Miguu yangu ilipoanza kufika kwenye pedali, baba akanibandika jina la Kisigino, na kazi ya juu ikawa yangu. Mimi na kaka tuligombania kila kitu duniani, hata ganda la mkate, lakini kwenye breki hatukuwahi kupishana.

Sasa nilikuwa nyuma ya meza, napokea wateja.

"Wewe umesoma," kaka aliniambia. "Msomi hachafuki."

Yaani nilisomea magari ili nikae mbali nayo.

Siku hiyo gari lilikuwa la mama mkunga, kigari kikuukuu cha kijivu, kikongwe kuliko baadhi ya wanawake anaowazalisha. Aliingia asubuhi, uso umemparama. Alikuwa anateremka kilima kuelekea zahanati, akafika njia panda, akakanyaga breki taratibu, na pedali ikaenda nayo taratibu mpaka sakafuni. Akapampu, ikarudi juu.

"Imerudi kana kwamba haijafanya kitu," alisema. "Kama mume wangu."

Nilifungua boneti. Oili ya breki ilikuwa imejaa kwenye kopo lake. Nikachungulia magurudumu kwa ndani: makavu. Nikamwambia kaka kwamba oili haijavuja nje, basi kuna mahali inajipenyeza humo humo ndani. Aangalie masta, lile bomba linalosukuma oili kwenda kwenye magurudumu mtu anapokanyaga.

"Ni hewa tu hiyo," alisema. "Na pedi zimekwisha. Naweka mpya, natoa hewa, kwisha habari." Kisha akaita kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kuwa anayo: "Mke wangu! Njoo unikanyagie."

Nikarudi mezani, masikio nikayaacha kule.

"Kanyaga, mpenzi."

"Nimekanyaga, mpenzi."

Mimi hakuwahi kuniita mpenzi, na angeniita ningemrushia jeki. Lakini maneno yale yalikuwa yetu, makavu, ya kazi, na sasa yamepakwa asali na kupewa mwingine. Waliangua kicheko kwa jambo nisilolijua. Niliandika namba ya simu ya mteja kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

"Pedali ngumu kama jiwe!" kaka alitangaza akitoka chini ya gari. "Mwone wifi yako. Mguu wa chuma!"

Alivyomtazama! Baba alikuwa akiitazama hivyo injini iliyowaka kwa mara ya kwanza.

Lakini neno lake lilinizindua. Chuma. Raba za ndani ya masta zikichakaa, ukikanyaga kwa nguvu zinatanuka na kuziba, pedali inakaa. Ukikanyaga kidogo kidogo, kama mtu anavyosimama njia panda, oili inapenya pembeni na pedali inazama. Mguu wa chuma haugundui hilo hata siku moja.

Mama mkunga alikuwa amekwisha kurudi kuchukua gari lake, mkono ameunyoosha apokee ufunguo. Wifi bado alikuwa kwenye kiti. Nilitoka nyuma ya meza.

"Shuka."

"Kuna nini tena, wifi?"

"Shuka, nimesema. Hujui kukanyaga. Unakanyaga kama unaua mende."

"We!" kaka akafoka. "Unajua unaongea na nani?"

"Na mkeo, anayetaka kumpeleka mteja kaburini."

"Wivu umekupanda kichwani."

"Umenipanda, ndiyo. Na masta imekufa. Yote mawili ni kweli."

Mama mkunga aliurudisha mkono wake polepole, kama aliyegusa sufuria ya moto.

Wifi alishuka, macho chini. Nilikaa. Kiti kilikuwa na joto lake, nikalichukia hata hilo joto. Nikawasha injini, nikavua kiatu, nikaweka mguu juu ya pedali kama unavyoweka kiganja kwenye paji la mgonjwa. Nikabonyeza kidogo tu, nikashikilia. Mwanzoni ilinipinga. Kisha ikaanza kunitoroka chini ya vidole, kimya kimya, mpaka ikagusa sakafu.

"Njoo uone," nilimwambia kaka.

Aliinama, akaisukuma kwa mkono, taratibu. Ikazama. Akainuka, akaenda kutafuta spana.

Tulipoifungua masta, raba moja ilikuwa imechanika mdomo, na ukuta wa ndani umekwaruzwa na kutu. Kubadili raba peke yake kungekuwa kujidanganya. Tukafunga masta mpya, tukatoa hewa upya, gurudumu moja baada ya jingine, mguu ukiwa wangu. Kanyaga. Nimekanyaga. Achia. Nimeachia. Bila asali. Nilifurahi kiasi cha kujificha uso. Mama mkunga alilijaribu gari barabarani, akasimama taratibu, akasimama tena, akapiga honi na kwenda zake.

Wifi alikuwa anapangusa oili sakafuni. Bila kuinua kichwa akasema, "Hata mimi niliisikia ikishuka."

"Uliisikia lini?"

"Mwanzoni, kabla sijaambiwa nikaze mguu. Nikadhani ubovu ni wangu. Nikaona aibu kusema."

Hilo lilinichoma kuliko zile "mpenzi" zote za asubuhi. Aliisikia! Mguu wake una masikio. Akipata wa kumfundisha, gereji hii haitanihitaji tena, hata kwenye pedali. Nilitamani awe mjinga, na hata ujinga wake nimenyimwa.

"Umemsikia?" kaka alisema. "Umemfedhehesha mbele ya mteja bure. Mwombe radhi wifi yako."

"Yaishe, mume wangu," wifi alisema kwa upole. "Si kitu."

"Ni kitu. Nasubiri."

"Basi vuta kiti ukae," nilimjibu, "maana utasubiri sana. Siombi radhi. Si leo, si kesho, si kwake, wala kwako."