Mahindi na Maharagwe ya Walubengo

Walubengo alidondosha punje ya mahindi kwenye sahani bila kuondoa jicho kwenye darubini. Kisha haragwe. Kisha haragwe tena. Kidude cha kuhesabia chembe za damu kilikuwa kimeharibika tangu mwaka jana na kingine hakikuletwa, naye hakuwa mtu wa kukaa akilialia. Kwa kila chembe aliyoiona aliweka punje moja: mahindi yalikuwa zile chembe nyeupe zenye hamaki, zinazofurika mwili unapoumia. Maharagwe yalikuwa zile tulivu. Akifikisha mia, anatazama sahani.

"Githeri imeiva?" Sista Jepchirchir alimtania kutoka mlangoni, akiutazama ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe. Halafu uso ukambadilika. "Watu wa bed six wanampeleka mgonjwa wao nyumbani. Pickup iko hapo nje."

Kwenye kitanda hicho alilala Nderitu, mwenye duka Cheptiret, aliyepooza upande wa kulia siku nne zilizopita. Walubengo alinyakua daftari na sahani, akatoka mbio na koti lake lisilo na vifungo.

Wodini, Kiarie, mdogo wa mgonjwa, alikuwa akikunja blanketi. "Afadhali afie kwake," alisema. Nyaguthii, mke wa mgonjwa, alishika ule mkono usioweza kumshika.

"Mama, angalia," Walubengo alisema. "Siku ya kwanza mahindi yalikuwa tisini, maharagwe kumi tu. Leo mahindi ni sitini na sita. Maharagwe yamerudi."

"Wewe ni mganga?" Kiarie alifoka.

"Mimi napima damu. Miaka sita nimeandika kwenye daftari hili kila mgonjwa wa kupooza, arobaini na mmoja. Wale ambao maharagwe yao yalirudi mapema hivi, wengi walitembea. Si wote, Mama, siwezi kukudanganya. Daktari alisema mngoje. Mimi nakuonyesha sababu."

Akamsogezea sahani. Nyaguthii aliinama akaitazama. Alikuwa amepika githeri miaka thelathini, na jicho lake halikuhitaji kuhesabu.

"Kiarie, rudi na hiyo gari," alisema. "Halafu kesho uniletee viatu vyake."

"Viatu vya nini?"

"Vya kutembea. Vyote viwili."

Siku mbili baadaye, asubuhi, Walubengo alipokuja kuchukua damu, alivikuta viatu kando ya kitanda, vimepigwa rangi, kamba zimelegezwa. Akavizunguka taratibu, kama anavyomzunguka mtu aliyesimama.