Barua ya Mwalimu Marselina

Bi Sabiha, afisa elimu wa wilaya, alikuwa akipitia orodha ya madawati mabovu mkurugenzi wa halmashauri alipomwita ofisini kwake. Diwani Mrisho alikuwa ameshakaa humo ndani, chai mbele yake, na salamu aliiitikia nusunusu.

Shauri lilikuwa la Mwalimu Marselina, mwalimu mkuu wa shule moja kule ndani, mbele ya kijiji cha Fukayosi. Wiki iliyopita alikataa kuwatoa watoto wa darasa la saba wakaimbe kwenye mapokezi ya mgeni wa chama. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza siku kumi na tisa. Diwani alisema amedhalilishwa mbele ya wakubwa, na alitaka mwalimu huyo ahamishwe wiki hiyo hiyo.

Bi Sabiha alieleza kwamba Marselina ndiye anayefundisha hisabati, na shule ile haina mwingine. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamsogezea barua iliyokwisha kuchapwa. Ilisema uhamisho ni kwa manufaa ya umma.

"Usiposaini wewe, atasaini atakayekuja kukaa kwenye kiti chako," alisema taratibu. "Na matokeo yakishuka, utakayeulizwa ni wewe."

Bi Sabiha alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Akasaini.

Aliona haya kumtuma dereva peke yake, akaipeleka mwenyewe. Alimkuta Marselina akifundisha kugawanya sehemu, watoto wamebanana wanne wanne kwenye dawati. Mwalimu alikuja mlangoni na chaki mkononi, akamwamkia. Akaiona bahasha.

"Ni uhamisho?"

"Ndiyo, mwalimu. Naomba uipokee."

"Kipindi changu kinaisha saa tisa, mama. Nitaipokea kikiisha."

Akarudi ndani. Bi Sabiha angeweza kumwamuru. Badala yake alikaa kwenye benchi la barazani, bahasha mapajani. Simu ikaita mara mbili, alikuwa diwani. Hakupokea. Ndani watoto walijibu kwa pamoja, wakakosea, wakarudia.

Saa tisa Marselina alitoka, akaisoma barua yote, akauliza umma wenyewe ni upi. Bi Sabiha alimfungulia daftari la kupokelea barua. Mwalimu akasaini, na pembeni akaandika kwa hati nzuri: *Imepokelewa baada ya kipindi.*

Jumatatu darasa la saba lilikuwa na vipindi viwili vya hisabati. Watoto walifungua madaftari, wakasubiri hadi kengele ya mapumziko.