Changarawe Zilizofagiwa Mapema

"Usiniinue, Taisto. Nyonga imekwisha," alisema Irja, amelala chali juu ya barafu, barua zimetawanyika hadi mlangoni.

Taisto, mtunza jengo, alivua koti akamfunika. Miaka kumi na tisa Irja ameleta barua uani hapa, hajawahi kuteleza hata mara moja. Lakini miaka yote hiyo changarawe zilikuwepo. Taisto huzimwaga juu ya barafu majira ya baridi yanapoanza, watu wasiteleze, na huzifagia theluji ikishakwisha kabisa. Safari hii alifagia baada ya siku mbili tu za jua, kisa Oiva, mtunza jengo la ng'ambo, humtangulia kila mwaka na kumcheka. Usiku maji yakaganda upya. Tusimpambe mtu hapa, sifa ndizo zilizomponza.

"Umefagia safi lakini," Irja alisema, meno yakigongana. "Nimejiona sura kabla sijaanguka."

Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, msimamizi wa majengo alipiga simu.

"Posta wanataka kujua kosa la nani. Changarawe zilikuwepo au hazikuwepo?"

Taisto alichungulia dirishani. Ua ulikuwa unang'aa.

"Zilikuwepo," akasema, na neno likishatoka halirudi.

"Basi ni viatu vyake. Nitaandika hivyo."

Siku tatu hakula vizuri. Ya nne akaenda hospitali na mkate mtamu wa iliki. Alikwishapanga la kusema, tangu mlangoni mpaka kitandani.

"Oiva amefagia?" Irja aliuliza.

"Bado."

"Basi mwaka huu umemshinda, mzee." Akamega mkate. "Walikuja watu wa Posta. Wanasema sikuvaa viatu vya misumari ya kushika barafu. Nikawaambia ni kweli, nilisahau."

"Si ulivaa?"

"Nilivaa. Ila wewe umebakiza mwaka mmoja ustaafu, wangekufukuza bure. Mimi kazi ya kutembea ndiyo basi tena, daktari amesema. Wakinilaumu au wasiponilaumu, mguu ni ule ule."

Taisto aliona aibu hata macho hakujua ayapeleke wapi.

"Irja, mimi niliwaambia..."

"Nivalishe soksi kwanza. Siwezi kuinama."

Akachukua soksi ya sufu, akashika ule mguu. Ulikuwa baridi. Akaivuta taratibu, kidole kwa kidole, na alipofika kisiginoni hakuendelea, wala hakuuachia.