Miujiza ya Alhamisi

Dereva alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu miguuni bila kamba, chai ya asubuhi imepoa mbele yake. Daktari alimuuliza kama amelala. Akasema amelala. Nesi wa zamu, aliyesimama nyuma yake, akatikisa kichwa.

Alikuwa dereva wa lori. Mtu alimkatizia mbele ghafla barabarani, akamgonga, na tangu siku ile kila akifumba macho anakanyaga breki. Hata sasa mguu wake wa kulia ulikuwa unabonyeza sakafu, polepole, unaachia, unabonyeza tena. Mara mbili alijaribu kujiua. Mara ya pili ni dada yake aliyemwahi.

"Watoto watapumua nisipokuwepo," alisema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

"Tutaongea mchana. Usiende popote."

"Niende wapi, daktari? Viatu vyenyewe havina kamba."

Daktari alicheka kidogo, akajichukia kwa kucheka, akatoka. Alikuwa anatembea haraka kuliko kawaida yake. Siku hizi hakuweza kukaa: kahawa aliinywa amesimama, mafaili aliyasoma kwenye korido.

Ilikuwa Alhamisi, na katika kituo kile cha binafsi cha magonjwa ya akili Alhamisi ndiyo siku ya watu kupona. Walipona kwa mkupuo, asubuhi, kwenye mkutano wa ukumbi wa juu, penye kiyoyozi. Manesi na watu wa jikoni waliuita mkutano ule miujiza, na walipopishana kwenye ngazi walitaniana: leo nani anajitwika kitanda chake aende? Maana bima ya mgonjwa ikiisha, ugonjwa nao umekwisha. Hakuna aliyeficha. Jambo likifanyika kila wiki, mbele ya watu waliovaa tai, litafichwa vipi?

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa mwenye mali. Alianza na saruji na mabati, kisha akagundua kwamba vichwa vya watu navyo vinahitaji kuezekwa. Aliketi mwisho wa meza, Mhasibu mkono wake wa kulia.

"Kitanda cha tisa," Mhasibu akasoma. "Mwajiri amemwachisha kazi. Bima imefungwa jana."

"Anaendeleaje huyo?" Mwenyekiti aliuliza.

"Hajapona," Daktari akajibu.

"Sikuuliza kama amepona, daktari wangu. Nimeuliza anaendeleaje."

"Hali chakula, halali usingizi. Leo asubuhi ameniambia watoto wake watapumua asipokuwepo."

"Amekwambia. Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo."

"Alipoletwa alikuwa haongei kabisa, au nakosea?"

Daktari alifungua faili, akalifunga.

"Sasa anaongea. Hiyo kwetu sisi tusiosoma inaitwa nafuu." Watu wakatabasamu kwenye vikombe vyao. "Hospitali ya serikali ipo. Si ndiko ulikotoka? Unawajua wote kule. Wapigie simu."

Kisha akamwomba abaki wengine walipotoka. Akamkumbusha habari ya ngazi ya vyeo. Alipenda sana kueleza ngazi ile, hasa kwa vijana waliotoka vyuoni: daktari wa kawaida, daktari mwandamizi, mkuu wa idara, mkurugenzi wa tiba, halafu hisa. Kesho saa nane Daktari angetangazwa mkuu wa idara. Keki imeshaagizwa.

"Usiniharibie wiki," alimwambia kwa upole. "Huku juu tunahitaji mtu anayeona mbali."

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Daktari alitaka cha juu, na bado aliambiwa ainame. Na hakuwa mtu mbaya. Miaka kumi na moja alikuwa peke yake kwenye wodi ya serikali. Kila mwaka aliandika barua kuomba mwenzake mmoja tu, na kila mwaka alijibiwa hakuna bajeti. Mgonjwa alipomvunja mfupa wa bega, alifungwa bandeji na kesho yake akarudi kazini, kwa sababu asiporudi hakuna anayekuja. Mama yake alikuwa anamtegemea, wadogo zake watatu wanasoma. Siku maji yalipomfika shingoni, aliondoka. Nani angemlaumu?

Alisimama dirishani akapiga simu wodi ya zamani. Ilipokewa na nesi mkuu, bibi waliyemwita Mama Funguo kwa sababu ya furushi la funguo kiunoni.

"Nina mgonjwa nataka kuwaletea, Mama. Ni wa hatari, asiachwe peke yake. Siku hizi mnaye nani?"

"Nani wa nini?"

"Daktari wa akili."

Upande wa pili mlango uligongwa mbali.

"Mwanangu, mimi ndiye wa kuulizwa hilo? Kiti chako hakijakaliwa na mtu. Walitangaza nafasi, wakatangaza tena. Vijana wote wanakwenda huko uliko." Mama Funguo hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Mlete. Benchi lipo."

Daktari aliketi kwenye kompyuta kumtoa mgonjwa. Kwenye hali ya mgonjwa aliandika: hajapona, yuko hatarini. Mashine ikakataa. Akamwita kijana wa mapokezi.

"Haiandikwi, daktari, inachaguliwa," kijana akamwonyesha. "Kuna mbili tu. Ana nafuu, au amefariki."

Alikaa akiviangalia vile visanduku viwili mpaka kioo kikajizima. Akakiwasha. Akabonyeza nafuu.

Dada wa dereva, mpishi wa shule, alifika kumchukua nduguye akiwa bado na harufu ya moshi. Alimshika Daktari mikono yote miwili.

"Mungu akulipe. Nimesomewa karatasi. Ana nafuu."

"Dada, nisikilize. Usimwache peke yake hata kidogo. Kesho asubuhi mpeleke serikalini."

Mikono ikalegea. "Lakini si mmeandika ana nafuu? Nimeshamwambia bosi kesho narudi jikoni. Nimekosa siku nyingi, atanifukuza."

"Mtafute mtu akae naye."

"Mtu gani?" Alimtazama machoni. "Basi nimlete kwako, umwone hata barazani."

Mkataba ulimkataza kumtibu yeyote nje ya kuta zile. Daktari alieleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kumchefua. Pembeni yao dereva alikuwa anafunga kamba za viatu alizorudishiwa. Alizifunga vizuri, mafundo mawilimawili.

Ijumaa Daktari hakushikika. Alianza sentensi asizimalize, akamwita nesi kisha akasahau alimwitia nini. Ilipokaribia saa saba alichukua gari bila kuaga, akaenda wodi yake ya zamani.

Dereva alikuwepo. Alikuwa hai, amekaa mwisho wa benchi refu bila dada yake, mgongo ukutani, mguu unabonyeza sakafu. Daktari akaanza kumwendea. Mlango mbele ya benchi ulikuwa na kufuli, na juu yake kibao chenye jina la Daktari. Hakuna aliyejisumbua kukitoa.

"Ndiye huyo!" mtu akasema.

Benchi zima likainuka. Wengine aliwajua kwa miaka: fundi cherehani anayesikia sauti, mwalimu aliyeacha kuoga, mama na binti yake wa kifafa. Walijipanga wenyewe, wa zamani mbele, wageni nyuma, kama alivyowafundisha. Mama mmoja alimshika mkono wa koti na hakuuachia.

"Tulijua utarudi," alisema.

"Mama, subirini, kuna mgonjwa mmoja pale nyuma—"

"Wote ni wagonjwa, mwanangu," Mama Funguo alisema. Alikuwa anajaribu funguo, moja baada ya nyingine, na kufuli lilikuwa limeshika kutu.

Simu ilitetemeka mfukoni. Mwenyekiti. Ikanyamaza, ikaanza tena. Fundi cherehani alikuwa ameshaanza kueleza sauti zinasema nini, na nyuma yake mwalimu alimhimiza amalize. Daktari alijinyoosha juu ya mabega yao, akaita, "Dereva! Kaa hapohapo, nakuja!"

Watu wakageuka kuangalia anaitwa nani. Pale mwisho wa benchi, mahali pa dereva, alikuwa ameketi mzee aliyeingia sasa hivi, kofia mapajani, anauliza kama foleni ndiyo hii.