Kuchoka na Kuchosha

Mzee Yahaya alipata sifuri kati ya kumi, na mwalimu akamwomba abaki wenzake wakitoka kunywa chai.

Ilikuwa semina ya siku tatu, katika ukumbi wa kukodi huko Miyuji, kwa ajili ya waongoza wageni wa kanda ya kati. Yahaya alikuwa ametoka Kolo. Kwa miaka ishirini na moja alikuwa akiwapandisha watalii mlimani kuwaonyesha michoro ya kale kwenye miamba, na Kiingereza chake alikiokota hukohuko, neno moja kwa mgeni mmoja, kama mtu anavyookota kuni. Hakuna aliyewahi kukilalamikia. Wageni wakishuka garini aliwaambia, "I am very exciting to see you," nao wakacheka na kumshika mkono kwa nguvu. Wakifika penye jabali linaloteleza aliwaonya kwamba jiwe lile ni "very frightened", nao wakalipita taratibu, wengine wakilipapasa.

Mwalimu Evodia, dada wa miaka thelathini hivi, aliweka karatasi mezani.

"Mzee Yahaya, kila swali lilikuwa na majibu mawili tu, la -ed na la -ing. Asiyejua kitu kabisa, akibahatisha, anapata matano. Kukosa yote kumi ni lazima uwe unajua."

Yahaya alitafakari kama hiyo ni sifa au tusi.

"Ulikuwa unachaguaje, baba?"

"Mwalimu, -ing si ya jambo linaloendelea? Eating, yuko anakula. Sasa boring, yuko anaboreka, hajamaliza. Akishamaliza, bored."

Katika miaka sita ya kufundisha Evodia hakuwahi kusikia kosa lililopangwa vizuri namna ile.

"Tuache Kiingereza kidogo," akasema. "Kuchoka na kuchosha ni kitu kimoja?"

"Hapana. Mlima unachosha. Mgeni anachoka."

"Kushangaa na kushangaza?"

"Michoro inashangaza. Mgeni anashangaa."

"Basi umemaliza. Kinachochosha, tiring. Aliyechoka, tired. Kinachoshangaza, amazing. Aliyeshangaa, amazed. Unayo tayari mdomoni, ila umeivaa kama viatu, cha kulia kiko kushoto."

Yahaya alichukua kalamu aandike, kisha akaiweka chini.

"Kwa hiyo mtu ukimwambia 'you are boring'..."

"Umemwambia anaboa. Kwamba ukikaa naye unachoka."

"Hata ukimwambia kwa adabu?"

"Adabu haibadilishi, baba. Labda inazidisha."

Yahaya hakwenda kunywa chai.

Alikuwapo mama mmoja wa Kidenmaki, Birgit, mwalimu mstaafu, ambaye miaka mitatu mfululizo alikuja Kolo kila Agosti kuchora. Alikaa chini ya mwamba kutwa nzima akinakili watu wale wembamba wa rangi nyekundu, na Yahaya akikaa pembeni yake. Walizungumza kidogo na kunyamaza sana, na wote wawili waliupenda utaratibu huo. Alasiri moja ya mwaka wa tatu Yahaya alimwona anapiga miayo. Akamhurumia. Akasimama, akaweka mkono kifuani, akamwambia kwa upole, "Mama, you are very boring. We go home."

Birgit alifunga daftari lake. Waliteremka kimya, lakini si ule ukimya wao. Asubuhi yake aliondoka, na Agosti iliyofuata hakuja, wala zilizofuata. Hiyo ilikuwa miaka saba iliyopita. Yahaya alikwishakata shauri kwamba sababu ilikuwa maharage aliyopewa usiku ule.

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe, Mwajabu, mambo yote. Mwajabu alikuwa anapembua mtama. Hakuinua kichwa.

"Baba Munira, yaani umemwambia mgeni anachosha, halafu ukamlaumu mpishi."

"Sikujua."

"Mpishi nilikuwa mimi."

Kesho yake Yahaya alifukua daftari la zamani la wageni ofisini, akapata anwani ya barua pepe ya Birgit. Barua ilimchukua siku nne. Aliandika kwamba siku ile alitaka kusema Birgit amechoka, wala hakutaka kusema anachosha; kwamba katika miaka ishirini na moja yeye ndiye mgeni pekee ambaye hakumchosha hata dakika moja; na kwamba ana aibu. Kila alipofika kwenye neno lenye mikia ile miwili alisimama, akajiuliza kwa Kiswahili, ndipo akaendelea. Alimtumia Evodia kwanza aikague. Evodia alirekebisha nukta moja, na hakusema kwamba aliisoma mara mbili.

Wiki ya kwanza ikapita. Ya pili nayo. Yahaya alianza kufungua simu kila baada ya swala, kisha na katikati.

Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa. Birgit aliandika kwamba ndiyo, aliumia, na aliumia kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, kwa sababu marehemu mumewe naye aliwahi kumwambia neno hilohilo, na yeye hakuwa amekosea sarufi. Mwaka uliofuata alikata tiketi ili arudi amuulize Yahaya uso kwa uso, magoti yakamkatalia. Sasa ana miaka themanini na mmoja, ngazi za nyumbani kwake zinamtosha. "Nimefurahi kujua," aliandika, na Yahaya akaona kwamba ametumia -ed: pleased. Mwishoni aliuliza kama yule twiga aliyechorwa upande wa kushoto wa mwamba bado anaonekana, maana alipoondoka shingo yake ilikuwa inafifia.

Yahaya hakukumbuka shingo ilivyo. Ijumaa, baada ya swala ya mchana, alipanda mlimani peke yake bila mgeni yeyote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akakaa mahali alipokuwa akikaa Birgit. Twiga alikuwapo. Shingo ilionekana jua likiingia ubavuni tu, kwa dakika chache.

Alipiga picha kumi na nne. Mbili zilitoka na kidole chake. Akazituma zote.