Maji Yasiyopimwa

Pale shuleni walimwita Mama Chupa, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiosha vyombo vya maabara, na chupa alizovunja hazikufika vidole vya mkono mmoja. Alichotaka ni kuachana na sinki, awe fundi wa maabara mwenye koti lake jeupe. Mtihani alishaufanya mara tatu, akaanguka mara tatu. Huu wa nne ndio wa mwisho, maana mwezi ujao anatimiza miaka arobaini na mitano, na sheria haimtaki mtahiniwa wa umri huo. Aliyeitunga bila shaka alikuwa kijana.

Wiki nzima binti yake alimkalisha jikoni na daftari.

"Mama, usinichoshe. Molaliti ni moli za chumvi kwa kila kilo ya maji. Maji peke yake, unayapima kwenye mizani."

"Nimeelewa, mwalimu wangu," alijibu, na kweli alikuwa ameelewa.

Siku ya mtihani, swali lilipokuja, nusura acheke. Alipewa pakiti moja ya chumvi, gramu ishirini na tisa na robo, atengeneze myeyusho wa molaliti moja. Akaandika: moli moja ya chumvi ni gramu hamsini na nane na nusu, kwa hiyo hii ni nusu moli, basi inataka nusu kilo ya maji. Nusu gawanya kwa nusu, moja. Mwandiko wake haukuwahi kunyooka vile.

Kisha akasimama kutengeneza, na hapo mkono, mjinga yule, ukajiendea wenyewe. Miaka yote hiyo, walimu walipomwomba msaada, alitia chumvi kwenye chupa ya nusu lita yenye shingo ndefu, akajaza maji hadi kwenye alama. Akafanya vivyo hivyo, kwa madaha, bila tone kuzidi. Alipoinua macho akaiona mizani mbele yake, kavu, haijaguswa: chumvi ilikuwa imekula nafasi ndani ya chupa, na maji hayakufika nusu kilo. Mazoea yana taabu.

"Naweza kuipima yote, nitoe uzito wa chumvi na wa chupa, niongeze maji yaliyopungua," alimwambia msimamizi wa mtihani.

"Uliipima chupa ikiwa tupu?"

"Hapana."

"Basi nimeshaandika umeanguka, mama." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Watahiniwa wakatoka. Vyombo vikabaki vimerundikana kwenye sinki, na siku ile kama siku nyingine zote, wa kuviosha alikuwa yeye. Akavaa glavu, akaanza na vya wenzake.

Binti yake, aliyekwisha kusikia swali kwa watahiniwa waliotoka, akachungulia dirishani, anahema kwa kukimbia.

"Mama, molaliti ulipata ngapi?"

"Moja."

Binti akarukaruka kama mtoto wa chekechea, akasema anakwenda kumwambia baba, akatimua mbio. Mama Chupa aliinua mkono wenye glavu kumwita arudi, lakini binti alikuwa ameshapotea. Akaichukua chupa yenye namba yake, akaimwaga, akaisugua hadi ikang'aa, akaipanga kabatini pamoja na nyingine.