Msiba wa Filamu

"Simamisha hapo, mzee," alisema Mulwa, akiinuka nusu kutoka kitini. "Huyo mama wa leso ya zambarau. Hebu rudisha kidogo tumwone tena."

Mzee Mwero akarudisha. Kwenye shuka nyeupe iliyopigiliwa ukutani, wanawake walioketi mkekani wakasogea kinyumenyume, mikono ikashuka kutoka vichwani, midomo ikafumba. Kisha msiba ukaanza upya. Mwenye leso ya zambarau alikuwa ameipa kamera mgongo na leso ameivuta mpaka usoni. Hakuonekana ila mabega, na mkono mmoja uliokuwa unapapasa ukingo wa kitanda cha maiti kama mtu anayetafuta kitu gizani. Halafu ikaja ile sauti yake ya kilio.

Bimkubwa akayatazama makubadhi yake. Leso ile ilikuwa nyumbani, juu ya kamba, ameianika asubuhi.

Alikuwa ameketi katika kiti cha nne, na nyuma ya kiti kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: BI. BIMKUBWA, JAJI. Tangu tamasha la filamu lianze hapa Msambweni, katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya soko, kila asubuhi kabla ya kukaa alikuwa akiipitisha kidole karatasi ile, kana kwamba anaipangusa vumbi. Jumamosi majaji wangeitwa jukwaani mmoja mmoja kwa majina. Bintiye, Ummulkheir, alikuwa amekwisha kumshonea dera, na wanawake wa mtaani wamekubaliana sare ya kwenda kumpigia vigelegele. Mmoja wao alifika hata kumfundisha namna ya kupunga mkono, "taratibu, mwaya, usije ukadhaniwa unafukuza nzi."

Kumteua yeye hakukuwa na hila. Wenye tamasha walitaka jaji mmoja mwenyeji, mtazamaji tu, mtu wa kawaida. Walipomwuliza kama amewahi kufanya kazi ya filamu, alijibu, "La, mwanangu, mie nitaifanyia wapi?" Wala hakusema uongo. Kwake yeye mwigizaji ni mtu anayesema maneno. Yeye hakuwahi kusema neno. Yeye alikuwa mtu wa nyuma.

Kila walipokuja watu na kamera zao, Diani au huku, wakihitaji watu wa kujaza barabara, walimwita Bimkubwa na wenzake. Amepita na kapu nyuma ya wapendanao waliokuwa wakigombana. Amenunua nyanya zile zile kutwa nzima, akizirudisha kwenye fungu na kuzinunua tena. Ameshuka garini, akapanda, akashuka, na safari hakuna. Alikwisha kuijua kazi: usiitazame kamera, usimtazame staa, tembea kama uendaye kwako. Jua likipungua wanapewa wali na soda, wanaagana. Filamu zenyewe huwa hazioni. Hata majina yake haambiwi.

Na hii ya leo, ya kijana Swafwan wa Shimoni, hakuijua jina. Aliijua ilipofika kwenye ule mkeka.

"Mimi nasema huyu mama ndiye anayeiharibu," Mulwa akasema. "Kila mtu analia kiasi, yeye ameambiwa alie, akapitiliza. Kwa seti tunaita kuiba sini, yaani kuwafunika wenzako. Aki, hata maiti angeamka amwambie, mathe, punguza."

Mulwa alikuwa mtoto wa Wakamba waliopewa mashamba huku tangu zamani, na Ukunda nzima ilimjua. Katika michezo ya televisheni ameigiza polisi, kisha polisi, kisha polisi mla rushwa, hadi waendesha bodaboda wakimwona humpigia saluti na kuficha abiria wa tatu. Yeye mwenyewe alikuwa na hamu moja: kupewa, walau mara moja, mwanamume anayependwa na mtu. Siku ya kwanza alimwambia Bimkubwa hivyo, huku akimmenyea karanga na kuzimimina kiganjani mwake, na tangu hapo Bimkubwa alikuwa anamwonea huruma kama mwanawe.

"Unajua wewe kulia?" akauliza Mzee Mwero. "Umefunga pingu tu maisha yako yote."

"Si nimeuliwa mara mbili, mzee!"

"Na zote mbili ulikufa macho wazi."

Ikram, mwenyekiti wao, akacheka, halafu akaweka kalamu chini. Ndiye aliyekuwa mdogo wa umri na mkubwa wa cheo. Alianza kwa kukata na kuunganisha video za harusi katika chumba cha nyuma ya duka Mombasa, mahali ambapo ukimkata shangazi wa bwana harusi kwa bahati mbaya, unakujiwa na ukoo mzima. Sasa filamu alizozikata zilikuwa zimefika nchi ambazo yeye mwenyewe hajafika.

"Mimi ningekata mkono unapogusa kitanda," alisema. "Hapo mtazamaji amekwisha kuelewa. Kilio kinachobaki chote, pipani. Ni kirefu mno. Lakini sijui. Kila nikikikata kichwani mwangu, filamu inakufa."

Zilikuwa zimebaki filamu mbili za kupewa tuzo: hii ya Swafwan, na nyingine ya wachungaji wa Kinango na kisima kilichokauka. Mulwa alikuwa wa kisima. Mwero alikuwa wa Swafwan.

"Sababu yangu nishawaambia," Mwero akasema. "Mie filamu siitazami kwenye shuka." Ujana wake wote alizunguka na gari la sinema, kutoka Samburu mpaka mpakani, akiwaonyesha watu filamu za kupe na za kunawa mikono, mgongo wake ukiwa kwenye picha na macho yake kwa watu, ili ajue lini wamechoka. Tabia haikumtoka. "Nawatazama nyinyi. Tukifika kwa huyo mama, Mulwa huacha kutafuna."

"Naacha kwa hasira!"

"Basi ukikasirika hulengwalengwa na machozi."

Ikram akamgeukia Bimkubwa. "Mamangu, umekaa kimya leo. Wewe ndiye mwenye kutuamulia. Ukiwa na Mzee Mwero, na mimi nitawafuata, nimechoka kusitasita. Unasemaje?"

Neno moja tu. Swafwan, yule kijana aliyekuwa akiwashika mikono wanawake wote na kuwaita mama, angepata tuzo yake, na Bimkubwa angebaki kwenye kiti chake, na Jumamosi angepunga mkono taratibu. Nani angejua? Mwisho wa filamu pameandikwa "Waombolezaji: Kina mama wa Msambweni," basi. Hata hawa watatu, waliomtazama mgongo huo asubuhi nzima, hawakuwa wamemjua. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri.

Lakini Ikram, siku ya kwanza kabisa, aliwasomea sharti. Aliyetia mkono katika filamu yoyote ya tamasha hili hatakuwa jaji. Aliwauliza mmoja mmoja, na mmoja mmoja wakajibu hakuna. Bimkubwa pia alijibu, na jibu lake lilikuwa safi siku ile. Leo likitamkwa tena halitakuwa safi.

"Hakupitiliza," alisema.

"Nani, mathe?"

"Huyo mwanamke. Hakupitiliza, Mulwa mwanangu. Ndivyo kilivyokuwa. Wenye kamera walisema 'basi', yeye hakusikia. Huyo ni mimi."

Feni ilizunguka. Mzee Mwero, ambaye alikuwa akiwatazama watu siku zote, alimtazama kama aliyekaa na mtu mkeka mmoja asimwone.

"Wewe?" Ikram alisema.

"Na sikuiba kitu. Mie sikuwa hata nikijua kama wananichukua."

Kisha akawaeleza, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiombea maji ya kunywa. Mumewe alikuwa Jumbe, fundi wa baiskeli pale njia panda. Alipofariki, nyumba ilijaa wanawake, na kila alipofumbua mdomo kuna mkono uliomziba kwa mapenzi: nyamaza, Bimkubwa, usimlilie kwa sauti, utamtesa kaburini. Akanyamaza. Akawapikia wageni wa arubaini kimya, akakaa eda yake yote kimya, akatoka kimya, na watu wakamsifu kwa subira yake. Kilio kikabaki humu, akagusa chini ya koo, kama mwiba wa samaki.

"Sasa siku ya Swafwan tukaambiwa tukae mkekani tulie. Kitandani hamna mtu. Wamelaza mto mrefu wa sufi, wakaufunika shuka. Nikaushika. Nikajiambia, mto wa sufi hauteseki." Akatabasamu kidogo, kama aliyeona haya. "Basi."

Mulwa alikuwa ameziweka karanga zake kwenye meza. Alizitazama kana kwamba hajui zimetoka wapi.

"Mama," akasema, na hakusema mathe. "Mimi mdomo wangu..."

"Mdomo wako hauna neno. Wewe ulifunzwa kupiga watu virungu, utajuaje kilio?"

Mwero akacheka kwa pua, na Mulwa akacheka pia, huku akijipangusa jicho kwa mgongo wa mkono.

Ikram peke yake hakucheka. Alikuwa anageuza kalamu, anaigeuza tena. "Mamangu," alisema polepole, "unajua sharti."

"Nalijua."

"Sitaki kulisema."

"Usiliseme. Nimekwisha kulisikia." Bimkubwa akainuka, akajifunga leso yake kiunoni, akaangalia kama hakuacha kitu. "Na tuzo msimpe Swafwan kwa ajili yangu. Mkiona ni ya kisima, kipeni kisima. Watu wa Kinango nao wana kiu."

Mlangoni akasimama. Alikuwa na jambo moja bado, na lilimtoka kwa shida kuliko yote. "Ila, Ikram. Ukija kupata kazi na huyo kijana... usimkate huyo mama wa leso."

Ikram akatikisa kichwa: hatamkata.

Nje jua lilikuwa kali na soko limechangamka. Bimkubwa alikaa kwenye kizingiti cha baraza, akayavua makubadhi. Alimfikiria Ummulkheir na lile dera, na jinsi atakavyoanza kuwaeleza majirani. Akapunga mkono mara moja, taratibu, hewani tu, halafu akaushusha mapajani.

Mlango ukafunguka. Mulwa akatoka akiwa amebeba kiti kichwani kama mchukuzi wa bandari, akakiweka kivulini, akakifuta kwa shati lake. Karatasi bado ilikuwa nyuma yake.

"Sharti limesema hutakuwa jaji," alisema. "Halijasema kiti ni cha nani." Akampigia saluti, ile ya kweli, ya visigino, akarudi ndani.

Bimkubwa akakaa. Madirisha ya ukumbi yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi kuzuia mwanga, lakini blanketi halizuii sauti. Ndani walikuwa wameirudisha filamu. Alisikia mkeka ukikwaruza, wenzake wakianza kidogokidogo, halafu akajisikia mwenyewe. Hakuwahi kujisikia. Sauti ilitoka kupitia ukutani, ndefu, bila haya, ikapita juu ya mafungu ya maembe na ndoo za samaki.

Mbodze, muuza mbaazi, alikuwa anapita na sinia lake kichwani. Akasimama ghafla. Walijuana kwa sura tu, kwa salamu za sokoni.

"Hujambo, dada? Subhanallah, humo ndani mna msiba?"

Bimkubwa alitaka kumwambia ni filamu. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Upo," alisema.

"Nani, masikini?"

"Jumbe wangu."

Mbodze hakuuliza lini. Aliteremsha sinia, akalisogeza ukutani lisikanyagwe, akaketi chini karibu na miguu ya kile kiti. Akaivuta leso yake mpaka kwenye paji la uso, akaweka mkono wake juu ya goti la Bimkubwa, akatulia kama wanavyotulia wanawake mkekani.

Ndani kilio kikafika mwisho, kikakatika. Halafu ikasikika sauti ya Mzee Mwero ikiuliza jambo, na ya Ikram ikijibu, "Tangu mwanzo, mzee," na ule mkeka ukaanza tena kukwaruza.